Mwaka wa Pete Nyembamba

Tulimzika Daktari Onyango mwezi uliopita, nyumbani kwao Rorya, mvua ikinyesha na kuacha. Nilikaa chini ya turubai pamoja na wastaafu wenzangu wa idara ya mifugo, tukisubiri chakula. Nyuma yangu walikaa wanaume wawili waliokuja kutoka upande wa Tarime. Walizungumza Kikurya kwa sauti ya chini, kama watu wanaodhani waliowazunguka wote ni Wajaluo. Mmoja alisema, "Huyu ndiye aliyemaliza ndama wa Gorong'a." Mwenzake akauliza, "Kwa sumu?" Wa kwanza akajibu, "Wengine walisema sumu. Wengine walisema dawa aliiuza Kenya, akatuchanjia maji. Ukweli ameenda nao." Kisha wakaletewa wali na nyama, wakanawa, wakala. Niligeuka nikawatazama. Walikuwa wadogo kwangu sana. Mwaka ule bila shaka walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Hawakuwahi kumwona Onyango akiwa na sindano mkononi, ila walikuwa na uhakika naye kuliko mimi niliyefanya naye kazi. Nilitaka kuwaambia, na maneno yote nilikuwa nayo. Lakini ukimtetea marehemu kwa nguvu msibani, watu huanza kujiuliza una nini naye. Nikala chakula changu kimya, na nilipofika nyumbani nikaanza kuandika.

Nilipelekwa Gorong'a nikiwa nimetoka chuoni, msichana wa Ikoma ambaye alikuwa hajawahi kulala nje ya kwao isipokuwa bwenini. Ya kwetu sitayasema hapa. Itoshe kusema kwamba Kiikoma na Kikurya ni lugha jirani, na mtu akisikiliza kwa makini hayampiti mengi. Sikumwambia mtu yeyote hilo. Waliponisalimia kwa Kiswahili niliitikia kwa Kiswahili, na walipogeukiana wakazungumza kwa Kikurya nilitazama pembeni kama mtu asiyehusika. Nilidhani huo ni ujanja mkubwa. Nilipewa chumba kwa Mama Robi, mwanamke wa umri mkubwa, mwembamba, ambaye alifunga kila kitu kwa kufuli: stoo, kabati, hata debe la unga. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, gunia la mtama, na ukuta usiofika kwenye bati, hivyo chochote kilichosemwa sebuleni kilipita juu kikanifikia kitandani. Tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mzito, wa rangi ya udongo, pamoja na mgagani uliopikwa kwa maziwa mpaka uchungu ukapungua. Mama Robi alikula taratibu huku akinitazama mkono. Baada ya siku kadhaa nilielewa kwamba alikuwa anaangalia kama ninakula kwa hamu au kwa adabu.

Hakuwa na mtoto wa kiume. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, mume alikuwa amefariki, na shemeji yake Magige, kiongozi wa sungusungu pale kijijini, alikuwa akipita mara kwa mara kuuliza habari za ng'ombe kuliko habari zake. Mama Robi alikuwa na mpango wake. Kwa Wakurya mwanamke wa namna yake anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaowazaa huyo msichana wakawa wa nyumba ile. Wanaita nyumba ntobhu. Kwa ajili hiyo alikuwa amekusanya mitamba miaka mingi, mmoja baada ya mwingine, na kila jioni alisimama mlangoni mwa zizi akiwataja kwa majina yao kabla ya kufunga. Bila mitamba wale hakuna mke, na bila mke nyumba ile ingekwisha naye, na zizi lingekuwa la Magige. Aliniambia haya siku moja tu, kwa maneno machache, kisha akafunga kabati.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Onyango. Kule kila mtu wa mifugo anaitwa daktari, basi yeye alikuwa Daktari na mimi Daktari Mdogo. Alikuwa mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi, na leso nyeupe mfukoni. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi, na friji la mafuta ya taa ambamo chanjo zilihifadhiwa. Ufunguo wa friji aliuvaa shingoni. Nilipofika alinionyesha kila kitu isipokuwa friji. Aliniambia, "Hili nitalifungua mimi, Sabina." Nikajibu, "Sawa Daktari," lakini moyoni nikaweka alama. Na Jumamosi nyingi alichukua kisanduku cha baridi, akakifunga kwa mpira wa baiskeli, akapanda gari la Sirari. Wenye macho wote Gorong'a waliona. Kule Sirari mpaka uko pale pale, na upande wa pili, Migori ya Kenya, alikuwa na ndugu zake. Nilimwuliza mara moja anapeleka nini. Akasema, "Mambo ya kazi," na kunyanyua kisanduku kabla sijauliza lingine.

Kazi yetu kubwa mwaka ule ilikuwa kuchanja ndama na mitamba dhidi ya chambavu. Ugonjwa ule huchagua ng'ombe wadogo walionona. Mguu huvimba, ukiubonyeza unasikia kama karatasi kavu inavunjika chini ya ngozi, na kesho yake mnyama amelala. Tulikuwa na sindano mbili za kurudia, zile ambazo unabonyeza kama bunduki na dozi inajipima yenyewe. Wafugaji waliziita bastola. Ndani ya bomba la kioo kuna pistoni, na pistoni imevalishwa pete ya mpira inayozuia dawa isirudi nyuma. Mafundi huiita oringi. Kwa kuchemshwa kila siku pete zile huwa ngumu na kupasuka, na zetu zilikuwa zimepasuka. Asubuhi moja Onyango alizifungua bastola zote mbili mezani. Kutoka kwenye bahasha ya kiwandani akatoa pete, akaivalisha kwenye yangu. Kutoka kwenye kipande cha gazeti, alimokuwa amefungiwa na mwenye duka la spea mjini Tarime, akatoa nyingine, akaivalisha kwenye yake. Akazijaza maji, akapuliza hewani, akapima kwa kikombe. Zote zilitoa sawa. Tukaenda kazini.

Watu walileta ng'ombe kwenye krashi, ile njia nyembamba ya magogo, mimi upande mmoja na yeye upande wa pili. Wenye mifugo michache walikubali mstari wangu. Wenye mifugo ya maana walitaka mkubwa. Mama Robi aliwasukuma mitamba wake mwenyewe kwa fimbo mpaka upande wa Onyango. Aliniambia, bila kunitazama, "Usichukie mwanangu. Kwa hawa siwezi kubahatisha." Sikuchukia. Nilimwona Onyango akifanya kazi haraka, na kila baada ya ng'ombe kadhaa akitoa leso na kujifuta kiganja. Jua lilikuwa kali. Nilidhani ni jasho.

Mvua za kwanza zilipolainisha malisho, ndama walianza kufa. Wa kwanza alikuwa wa jirani, na tulisema labda hakuchanjwa. Wa pili alikuwa na alama yetu sikioni. Kisha mtamba wa Mama Robi, yule mwekundu aliyependwa kuliko wote, aliamka akichechemea. Nilimbonyeza paja nikasikia ile sauti ya karatasi. Mama Robi alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza, "Ni nini?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Si alichanjwa?" Nikasema alichanjwa. Alikwenda akakaa kwenye kigogo karibu na zizi, mikono imelala mapajani, mpaka mtamba alipokata roho. Baada ya huyo wakafuata wengine wake. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi kama kawaida, akawataja majina, na akilitaja la aliyekufa alinyamaza kidogo kisha akaendelea.

Haikuchukua muda watu wakajumlisha. Waliokuwa wakifa walitoka mstari wa Daktari. Waliochanjwa na mimi walikuwa wanakula majani. Mtu wa kwanza kulisema hadharani alikuwa Magige, pale dukani, nikiwa nanunua sabuni. Alisema kwa Kiswahili, makusudi, ili nisikie: "Dawa ni moja, chupa moja, siku moja. Wa binti wanaishi, wa Mjaluo wanakufa. Nani anieleze." Mimi nililipa sabuni nikatoka. Tangu siku hiyo nilipopita watu walinisalimia vizuri zaidi, na hilo lilinisumbua kuliko kama wangenitukana. Nikaanza kumchunguza Onyango. Nilihesabu chupa kwa macho kila alipofungua friji. Nilinusa kisanduku alipokiacha benchini. Nilikumbuka ufunguo wa shingoni na Jumamosi zake. Kila nilichokuwa nimekiona kabla bila kukifikiria sasa kilikuwa na maana, na maana zote zilielekea upande mmoja. Nikitazama nyuma leo ndipo naona jinsi shaka inavyofanya kazi: haikuniletea jambo lolote jipya, ilipanga upya yale niliyokuwa nayo. Naye Onyango alikuwa amebadilika. Aliongea nami kwa maneno ya kazi tu, na mara mbili nilimkuta ameinama kwenye friji akisoma kipimajoto, na alipogutuka akanitazama kama mtu aliyefumania, si kama aliyefumaniwa.

Jumapili moja jioni, nikiwa nimejilaza chumbani, nilimsikia Magige akiingia sebuleni. Mama Robi alimpa uji. Walizungumza Kikurya. Magige alisema ritongo imeitishwa Jumatano, yaani mkutano wa wazee na wanaume wa ukoo, na Daktari ataitwa ajibu. "Na akijibu?" Mama Robi aliuliza. Magige akasema majibu wanayajua tayari, na vijana wamekwisha kuambiwa wasimame wapi. Mama Robi akasema kwa sauti ya juu, taratibu, kama anayemsemesha kiziwi: "Kwa hiyo Jumatano hatatoka." Magige akasema, "Hatatoka." Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika magoti. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kwamba hofu ilikuja, lakini swali lilitangulia: na kama kweli alituchanjia maji?

Asubuhi nilikwenda ofisini nikamkuta amesharudi kutoka Sirari. Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia, "Daktari, naomba uniambie unabeba nini kwenye kile kisanduku." Alisimama. Kisha akafunga mlango, akafungua ule mpira wa baiskeli, akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na vioo vya maabara vilivyofungwa kwa pamba, na chupa mbili za chanjo zetu, lakiri hazijavunjwa.

"Zamani nilikuwa napeleka damu na kinyesi vya kupimwa, kazi ya kawaida. Tangu ndama waanze kufa nimekuwa nikipeleka nyama ya miguu yao, na chupa ambazo hazijafunguliwa," alisema. "Nina mtu niliyesoma naye, yuko maabara upande wa Kenya. Sikutaka kuwaambia wakubwa kabla sijajua."

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nilikushuku wewe." Alisema bila ukali. "Mafuta ya taa yaliisha wiki ile nilipokwenda semina. Nilidhani friji lilizimika, dawa ikaharibika, ukajaza mafuta ukanyamaza. Ndiyo maana hata ulipozoea kazi sikukupa ufunguo."

Nilimwambia friji halikuzimika. Akasema anajua sasa. Jana alikuwa amepewa jibu: ugonjwa ni chambavu kweli, na dawa ni nzima. Halafu akaanza kuyatoa moja moja kwa sauti, kama mwalimu mbele ya ubao. Dawa nzima. Friji zima. Waliochanjwa na Sabina wako hai. Akakigeuza kiganja chake juu, akakitazama. "Basi nimebaki mimi," alisema.

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya Jumatano. Aliuliza nimeijuaje, nikasema nimesikia. Nikamwambia apande gari la Sirari saa hiyo hiyo. Alitikisa kichwa. "Nikiondoka leo, Jumatano watakuwa wamekwisha kuamua. Na kuna wanaofanana na mimi katika vijiji hivi, wenye majina kama langu; watawageukia wao. Lete bastola zote mbili."

Tulizipuliza hewani tena, na tena zilitoa sawa. Ni mimi niliyesema kwamba ng'ombe si hewa. Ngozi inakataa, inarudisha nguvu nyuma. Nilikwenda kwa mchinjaji nikanunua kipande cha nyama chenye ngozi yake, na kwenye maji nikatia dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda, ili tuone yanakokwenda. Bastola yangu nilipoidunga kwenye ngozi nikabonyeza, maji yote yalikwenda mbele. Yeye akadunga ya kwake. Niliona kwa macho yangu mstari wa zambarau ukipita pembeni mwa pistoni, ukarudi nyuma ndani ya kioo, ukashuka kwenye mpini mpaka kiganjani. Akadunga tena, na tena. Kila mara sehemu kubwa ilirudi. Alisimama pale na mkono wa zambarau. "Mkono ulikuwa unalowa," alisema. "Siku zote zile. Nilidhani jasho."

Tulizitoa zile pete tukaziweka juu ya karatasi nyeupe. Nawaambieni, huwezi kuzitofautisha. Zote nyeusi, zote mviringo, tundu lake sawa, zote zilikaa vizuri kwenye pistoni. Ila ukiisukuma pistoni kwenye bomba kavu, moja ilikwama kidogo kama inavyotakiwa, nyingine iliteleza. Ndipo nilipokumbuka bahasha na gazeti. Nikamwuliza kama ile ya kiwandani ilikuwa ya mwisho. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kwa nini hakujiwekea yeye, maana ng'ombe wengi wangepita mstari wake. Alianza kuosha mikono. "Wewe ulikuwa mgeni," alisema. "Sindano ikikusumbua siku ya kwanza, watu hawa wasingekuamini tena." Kwa wiki nyingi nilikuwa namnusia kisanduku.

Kesho yake tulikwenda mjini, kwenye duka la spea njia ya kuelekea Turwa. Mwenye duka alikuwa mzee aliyeishi Kenya miaka mingi, na alipoona tumeweka pete mbili mezani bila kutaka kununua alisimama. "Hizi zina shida gani?" aliuliza. Onyango akamwambia moja ameiuza yeye. Mzee akasema anauza mipira elfu, hawezi kujua. Nilimwomba kalipa, kile kipimo cha chuma cha mafundi. Alikitoa polepole, akabaki amekishika upande mmoja. "Mnataka kunipeleka polisi?" Nikasema hapana, tunataka kupima tu, na ajipimie mwenyewe kama anaogopa. Akapima. Unene wa pete ya kiwandani ulikuwa milimita mbili na nukta sitini na mbili. Ya kwake ilikuwa mbili na nukta arobaini. Alipima tena, sasa kwa kupenda, akasogeza kalenda ukutani. Nyuma yake kulikuwa na jedwali la saizi lililochapishwa. "Hii yenu ni ya Mwingereza, ya inchi," alisema. "Hii ingine ni ya Japani. Kila nchi ina saizi zake. Tundu linaweza fanana, unene ukakataa."

"Tofauti yenyewe ni unywele," Onyango alisema.

"Ni zaidi. Hata ya kiwandani haiko kamili, inaruhusiwa kupungua ama kuzidi kidogo." Alionyesha kwa kidole kwenye jedwali: sehemu nane za mia za milimita, basi. "Hii imepungua karibu mara tatu ya hiyo ruhusa. Kwa bomba la maji ya shamba ungefunga ukasahau. Uliniambia ni ya nini?"

"Nilikuambia ya sindano."

"Ulisema sindano, nikacheka, nikajua ni mzaha." Mzee alirudisha kalenda mahali pake. Kisha akasema kile alichokuwa anakihofia tangu mwanzo: "Mimi nimeuza mpira. Sijaua ng'ombe." Alitutafutia za inchi, akatupa bure, na alipotuona tunatoka akatufuata mpaka mlangoni kutazama tunaelekea wapi.

Jumatano tulikwenda ritongo kwa miguu yetu, na hilo pekee liliwashangaza. Wazee walikaa kwenye vigoda, wanaume nyuma yao, na vijana wa Magige wamesimama mahali ambapo njia inatoka. Wanawake hawakai ritongo, lakini mimi niliitwa kama mfanyakazi, na mbali kidogo, chini ya ukingo, nilimwona Mama Robi amesimama na kamba mkononi. Nilisalimu, "Shikamooni wazee," wachache wakaitikia. Onyango alieleza kwa Kiswahili rahisi, bila kujipunguzia: wanyama walipata dawa pungufu, iliyopungua ilipita mkononi mwake, na chanzo ni pete. Magige akacheka kwa pua. "Unataka tuamini kwamba ng'ombe wamekufa kwa kampira haka?" Pete zikazungushwa kwa wazee. Mmoja aliziuma kwa meno yaliyobaki, moja kisha nyingine, akasema kwake ni sawa. Tukafanya jaribio letu la zambarau kwenye ngozi. Wengine walisogea kuona, na niliona nyuso mbili tatu zikilegea. Lakini Magige alisema neno ambalo hata mimi, ningekuwa upande wake, ningelisema: "Rangi mmeleta nyie. Sindano mmeleta nyie. Mpira mmeleta nyie. Sisi tumeleta nini cha kutufanya tuamini?"

"Mtamba nimeleta mimi," alisema Mama Robi.

Alikuwa amepanda ukingo tayari. Kwenye ile kamba alikuwa na mtamba wake wa mwisho, mweusi mwenye baka tumboni. Mzee mmoja alimwambia hapo si mahali pake. Akajibu kwamba kati ya wote waliokaa pale hakuna aliyepoteza kama yeye, na kama ana mahali, ni hapo. Kisha akamgeukia Onyango, akasema kwa Kiswahili ili aelewe: "Mimi sikuamini. Nataka kuona. Mchanje huyu, wewe mwenyewe, kwa huo mpira mwingine. Utakaa hapa hapa Gorong'a. Mvua zikiisha akiwa hai, tutazungumza. Akifa, tunajua unapolala." Hapo kulikuwa na hukumu, lakini ilikuwa hukumu yenye muda ndani yake, na vijana wa Magige hawakujua tena wafanye nini na fimbo zao. Onyango alivalisha pete ya inchi, akachemsha kila kitu mbele yao juu ya mafiga, akachanja. Alipochomoa sindano Mama Robi alimkamata mkono, akaugeuza kiganja, akakipapasa kwa kidole gumba. Kilikuwa kikavu. Aliondoka na mtamba wake.

Ng'ombe waliobaki tuliwachanja upya, wiki ile na iliyofuata. Watu walikuja kidogo kidogo, wakisimama mbali na kutaka kwanza kuona kiganja cha Onyango baada ya kila ng'ombe, naye alikionyesha bila kuambiwa. Vifo vikapungua, kisha vikaacha. Magige alileta wa kwake mwishoni kabisa, na aliwapeleka kwenye mstari wangu. Mtamba mweusi alimaliza mvua akiwa mnene. Jioni moja tukiwa tunachambua mgagani nilimwuliza Mama Robi kwa nini alileta mnyama wake wa mwisho wakati hakuamini. Alinijibu kwa Kikurya, moja kwa moja, kana kwamba ndivyo tulivyozungumza siku zote: "Ningeua mtu kwa ajili ya hao waliokufa, wangerudi?" Nilibaki na jani mkononi. Akaendelea kuchambua. "Na wewe ulidhani siku ile naongea kwa sauti kwa sababu Magige ni kiziwi? Ukuta huu nimeujenga mimi." Mke wake alimpata baadaye sana, nikiwa nimeshaondoka. Ilimbidi aanze kukusanya upya.

Onyango alihamishwa kabla mwaka haujaisha. Barua ya uhamisho haikutaja ndama. Aliomba pasifanywe sherehe ya kuaga, na hakuna aliyesisitiza. Nilimsindikiza, tukakaa nyuma ya pikapu ya serikali na kitanda chake, masufuria, na kuku wawili alioletewa na Mama Robi. Tulipotoka kijijini tulikutana na mtu anachunga ng'ombe wake barabarani, mtu wa makamo niliyemjua kwa sura. Ndama wake tuliwachanja upya na wote walikuwa wazima. Alipoona ni nani yuko juu ya gari aliwapigia mluzi ng'ombe, akawasukuma wote nje ya barabara, mbali kwenye majani, akasimama kati yao na sisi. Onyango alimpungia mkono. Yule mtu alimpungia pia, kwa heshima kabisa, akamtakia safari njema. Nilitazama nyuma mpaka tulipopinda. Vumbi lilikuwa limekwisha kutua, na bado alikuwa hajawarudisha ng'ombe barabarani.